Muuguzi na Neno Tayari

Yako maneno katika lugha yetu yatumikayo kila siku pasipo mtu kuyafikiria, na moja la hayo ni tayari. Mama hutangaza kuwa chakula tayari. Utingo wa basi huuliza kama abiria wako tayari. Kijana huulizwa mbele ya kadhi au padri kama yuko tayari kumwoa binti wa watu. Katika mfano wa kwanza neno lina maana ya kazi iliyokwisha. Katika wa pili lina maana ya kujitengeneza kwa safari. Katika wa tatu lina maana ya ridhaa ya moyo. Msikilizaji hapotei hata mara moja, kwa kuwa mahali, wakati na uso wa msemaji humwonyesha njia. Lakini neno hilo likitolewa kinywani likaandikwa katika karatasi ya utafiti, mahali na wakati huliacha, uso wa msemaji hauonekani, na msomaji hujibu lile aliloelewa yeye. Nimepata kuliona jambo hili katika kazi moja ya Moshi, na kwa kuwa kazi yenyewe ilihusu uhai wa watu, nimeona haifai libaki katika mafaili ya ofisi yangu.

Kazi hiyo aliileta muuguzi mmoja aliyekwisha kutumika miaka tisa katika wodi, na ambaye sasa anasomea shahada ya uzamili. Alitaka kuchunguza kiasi gani wauguzi wa Moshi na wa vituo vya mlimani wamejiandaa kukabili maafa na dharura za afya ya jamii. Alikuwa na hojaji ya kurasa sita iliyotungwa ng'ambo kwa Kiingereza, pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili iliyokwisha kufanywa na watu wengine, na mimi niliombwa niikague lugha tu. Nilikubali upesi, nikidhani ni kazi ya siku mbili. Aliniita Daktari, nami sikumkataza; lakini siku tuliyokwenda pamoja katika kituo kimoja cha mlimani aliniita hivyo mbele za watu, na bibi mmoja aliyekuwa katika foleni akaninyoshea kadi yake ya matibabu. Ilinibidi nimweleze bibi yule kwamba udaktari wangu ni wa nahau, hauponyi hata mafua. Alinitazama kwa huruma, akairudisha kadi yake mfukoni.

Utafiti wa namna hii si mgeni duniani. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, lililoanzishwa mwaka 1899 na ambalo makao yake yako Geneva, lilitoa mwongozo mwaka 2009 juu ya ujuzi umpasao muuguzi wakati wa maafa, likautengeneza upya mwaka 2019 na kuupanga katika makundi 8: kujiandaa, kupashana habari, kuongoza kazi, usalama, upimaji wa hali, matibabu, kurudisha maisha katika hali yake, na sheria pamoja na maadili. Watafiti wa nchi nyingi hutunga maswali juu ya mambo kama hayo, kisha muuguzi hujipima mwenyewe kwa alama kuanzia 1 hata 5. Alama hujumlishwa, wastani hupatikana, na wastani huo hupelekwa kwa wenye mamlaka kama kipimo cha utayari wa nchi au wa mkoa. Njia hiyo ina faida, maana haina gharama kubwa na yaweza kuwafikia wauguzi mia kwa juma moja. Ina udhaifu mmoja unaojulikana na wenye ilimu hiyo wenyewe, ya kwamba humpima mtu kwa ulimi wake mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, basi ulimi huo unasema lugha gani, na maneno yake yana maana gani, si jambo la pembeni.

Kabla ya kuendelea na maneno sina budi kusema kwa nini Moshi, kwa sababu msomaji aliye mbali aweza kudhani kwamba mji ulio chini ya mlima mzuri hauna haja na mambo ya maafa. Mkoa wa Kilimanjaro umekwisha kuyaona kwa namna nyingi. Mwaka 1994, usiku wa mwezi wa Juni, bweni la shule ya sekondari ya wasichana ya Shauritanga huko Rombo liliungua, na wasichana zaidi ya 40 walikufa humo. Jioni ya Jumamosi tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo, Moshi mjini, umati wa watu waliohudhuria ibada ulisongamana kukimbilia mafuta ya upako, na watu 20 wakakanyagwa hadi kufa. Mwezi uliofuata, abiria aliyetua katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro akitoka Ubelgiji akawa mgonjwa wa kwanza wa Korona kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020. Mwezi wa Juni 2025, basi kubwa na basi dogo ziligongana zikawaka moto huko Sabasaba, Same, katika barabara ya kwenda Tanga, na watu zaidi ya 35 walipotea. Tena upo mwezi wa Desemba, ambapo Wachaga walioko Dar es Salaam na miji mingine hurejea mlimani kwa maelfu kula Krismasi katika vihamba vya baba zao, barabara ikajaa magari usiku na mchana. Na ipo masika, ambapo njia za udongo mwekundu za Kibosho, Uru na Machame huteleza hata mtu mwenye miguu miwili mizima hushika migomba asianguke, seuze gari la wagonjwa.

Juu ya yote hayo ni KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo wagonjwa wa kanda yote ya kaskazini huielekea. Mwaka ule ule wa 1971 ulifunguliwa pia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, uwanja wa namna hiyo hupaswa kufanya zoezi kamili la ajali angalau mara moja katika kila miaka miwili, zima moto wakikimbia, magari yakilia, watu wakijilaza chini kama majeruhi. Nimekuwa nikijiuliza ni nani amemwekea muuguzi wa kituo cha mlimani kanuni kama hiyo. Ndege huanguka mara chache sana. Basi la abiria, ole wetu, halingoji miaka miwili.

Sasa nirudi kwenye hojaji. Katika Kiingereza, swali moja lilimwuliza muuguzi kama amejiandaa kuhudumia wagonjwa wakati wa mlipuko wa ugonjwa, yaani kama amefunzwa na anajua la kutenda. Swali jingine, lililokuwa mbali kurasa mbili, lilimwuliza kama anakubali kwa hiari yake kuja kazini wakati huo, ijapokuwa pana hatari. Kiingereza kilitumia maneno mawili mbalimbali, na mtafiti alihitaji majibu mawili mbalimbali. Katika tafsiri, maswali yote mawili yalikuwa yameandikwa hivi: Niko tayari kuhudumia wagonjwa wakati wa mlipuko. Sentensi ilikuwa moja, neno kwa neno, mara mbili. Wala sithubutu kumlaumu aliyeitafsiri, kwa sababu kila sentensi ukiisoma peke yake ni sahihi na ni Kiswahili kizuri. Kosa, kama ni kosa, ni la ukarimu wa neno lenyewe.

Neno hili lilitufikia kwa njia ya bahari, na Wahindi nao wanalo kwa sauti iliyo karibu sana na yetu. Katika kukaa kwake pwani na kupanda kwake bara limezidi kupanuka, hata leo laweza kusimama mahali pa kwisha, mahali pa kujiandaa na mahali pa kukubali. Maofisa wa serikali wamelizalia mtoto, utayari, na mtoto huyo amekuwa mtu mkubwa. Ofisi ya Waziri Mkuu inayo Idara ya Menejimenti ya Maafa. Ipo sheria ya maafa ya mwaka 2022. Na katika hotuba za semina huwezi kukaa robo saa usisikie utayari wa jamii, utayari wa taasisi, utayari wa watumishi. Ukimwuliza msemaji utayari wa watumishi ni nini, atakuambia ni mafunzo na vifaa. Ukimwuliza mtumishi mwenyewe, atakuambia ni moyo.

Nami naona mtumishi yuko karibu zaidi na lugha. Muuguzi wa Kiswahili aulizwapo, Je, uko tayari?, huisikia sauti hiyo kama mwito, haisikii kama mtihani. Amekula kiapo cha kazi yake. Mwenye kumwuliza amesimama mbele yake na karatasi. Kusema hapana ni kama kusema nitakimbia. Kwa hiyo hujipa alama 4 au 5, na asipojipa huona haya. Alama hiyo ikifika mezani kwa mkubwa, husomwa kwa maana nyingine: ya kwamba wauguzi wa mahali fulani wamejiandaa, na fedha ya mafunzo yafaa iende kwingine. Hivyo ushujaa wa mtu hugeuzwa kuwa sababu ya kumnyima silaha, na hakuna aliyesema uongo tangu mwanzo hata mwisho.

Kama tofauti hii yaonekana ni ya wanasarufi, na tutazame jirani zetu. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini ya Uganda. Mpaka ilipokwisha mwaka uliofuata watu 425 walikuwa wameugua, na 224 kati yao walikufa. Hospitali ya Lacor, ya Wakatoliki, ilipokea wengi wa wagonjwa hao, ikiongozwa na daktari wa Uganda, Matthew Lukwiya. Wauguzi wakaanza kufa. Mwishoni mwa Novemba, baada ya wenzao kadhaa kufa kwa mfululizo, watumishi walikusanyika wakisema kazi haiwezekani tena. Daktari alizungumza nao kwa saa nyingi, akawaambia kwamba atakaye kuondoka ana ruhusa na kwamba yeye atabaki, na wengi wakarudi wodini. Huo ndio utayari katika maana ya ridhaa, na sijui mfano ulio mkubwa kuliko huo katika Afrika ya Mashariki. Lakini siku chache kabla yake, usiku, Lukwiya aliitwa amsaidie muuguzi aliyekuwa akitoka damu. Alivaa joho, glavu na barakoa, wala hakuvaa kinga ya macho. Alikufa tarehe 5 Desemba 2000. Watumishi wa hospitali ile waliokufa katika mlipuko huo walizidi 10. Kiswahili kimeyaweka mambo haya karibu mno: aliye kitandani anaugua na aliye kando yake anauguza, na maneno hayo yanatengana kwa herufi moja tu.

Kwetu nako, ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023, watu waliougua mpaka mwisho wake walikuwa 9 na waliokufa 6, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo mtumishi wa afya. Kwa siku kadhaa kabla ya kujulikana uliitwa ugonjwa usiojulikana. Nawaomba wasomaji wafikiri juu ya jina hilo. Mtu aliyemhudumia mgonjwa wa kwanza hakuulizwa kama yuko tayari kwa Marburg, maana Marburg haikuwa na jina kijijini. Alimwona mtu mwenye homa na kutapika, akafanya alivyofanya jana yake. Je, ni ipi katika zile alama 1 hata 5 impasayo?

Huko Afrika ya Magharibi, ambako Ebola ya mwaka 2014 hata 2016 iliua watu zaidi ya 11,000, wahudumu wa afya waliokufa walipita 500. Hesabu hiyo ni ya watu waliokuja kazini.

Niliendelea na hojaji, na kila ukurasa ulikuwa na mwiba wake. Neno mlipuko lenyewe lilimshangaza mkunga mmoja wa makamo, aliyetujibu kwamba tangu azaliwe hajapata kuhudumia mlipuko, ila aliwahi kusikia mtungi wa gesi ukipasuka jirani. Tulipomwuliza juu ya kipindupindu akasema, Ala, hicho nimekihudumia mara nyingi. Lakini mwiba uliotuchoma zaidi ulikuwa neno la kuwapanga majeruhi wengi wanaofika kwa mara moja. Waganga wa nchi nyingi hutumia neno la Kifaransa, nalo katika hospitali zetu hutamkwa triaji. Desturi yenyewe husimuliwa pamoja na jina la Dominique Jean Larrey, mpasuaji katika majeshi ya Napoleon, aliyeagiza kwamba majeruhi watibiwe kwa uzito wa jeraha, si kwa ukubwa wa cheo. Siku hizi hufanywa kwa rangi: nyekundu kwa asiyeweza kungoja, manjano kwa awezaye kungoja kidogo, kijani kwa atembeaye mwenyewe, na nyeusi kwa aliyekufa au asiyetazamiwa kupona kwa nguvu zilizopo.

Tafsiri ya kwanza iliandika kubagua wagonjwa. Neno bagua kwa asili halina dhambi, lakini historia imelitia doa ambalo halifutiki, na hakuna muuguzi atakayekiri kwamba anajua kubagua wagonjwa. Tukajaribu kuchagua, likaleta harufu ya upendeleo, kama kwamba muuguzi humchukua ndugu yake akamwacha wa mwenzake. Tukajaribu kupanga, nalo ni zuri na safi, ila ni safi kupita kiasi, maana viti navyo hupangwa. Mwisho tukafikia kuchambua. Moshi ni mji wa kahawa. Wanawake wa mlimani huchambua buni kwa vidole, mbovu upande huu na nzima upande ule, na neno hilo lilieleweka papo hapo. Lakini lilieleweka mno. Muuguzi mmoja alilisikia akanyamaza, kisha akasema, Mwalimu, ile mbovu huwa tunaitupa.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba tumefika mahali ambapo ugumu hauko tena katika lugha. Katika maafa muuguzi hutakiwa ampite mtu aliye hai, mwenye kuita, amfunge kitambaa cheusi na kwenda kwa mwingine, ilhali ndugu wa mtu huyo wamesimama palepale wakimtazama. Katika wodi siku zote amefundishwa kinyume chake, ya kwamba aliye mahututi ndiye wa kwanza. Na nyumbani kwao, katika kihamba, alifundishwa kinyume zaidi. Hakuna neno litakalolifanya tendo hili kuwa jepesi. Lakini lazima liwepo neno, kwa sababu jioni ile majeruhi watakapofika ishirini kwa mara moja, wamebebwa katika bajaji na pikapu na migongo ya watu, muuguzi hatafanya kazi peke yake. Pana mlinzi wa lango, mhudumu wa usafi, kijana wa bodaboda na shangazi wa majeruhi, na hao wote wataelekezwa kwa Kiswahili. Wauguzi wetu husomeshwa kwa Kiingereza na hutibu kwa Kiswahili. Katika siku za kawaida huvuka daraja hilo mara elfu bila kujua. Siku ya maafa hakuna nafasi ya kuvuka. Tuliandika katika hojaji, kuwatenga majeruhi kwa uzito wa hali zao, tukaweka triaji kando yake. Si tafsiri nzuri. Inaeleweka, wala haimtupi mtu.

Wapo watakaosema, Basi acheni hojaji kwa Kiingereza, maana Kiswahili hakina maneno. Sikubali. Mwaka 2020 taifa zima lilihitaji jina la kile kitambaa cha kufunika pua na mdomo, na lugha ikaliokota barakoa, vazi la uso la wanawake wa Unguja na Oman, ambalo wengi wa bara hawakuwa wamelisikia kabisa. Kwa muda wa majuma machache lilikuwa kinywani mwa wauza ndizi wa Kiboriloni. Karantini tulikuwa nayo zamani, na asili yake ni hesabu ya siku 40 za mabaharia wa Italia. Uviko uliundwa kwa herufi za mwanzo za maneno yetu wenyewe. Lugha iliyofanya hivyo kwa haraka hivyo si maskini. Inachokosa ni watu wa kukaa mezani na muuguzi kabla ya maafa, badala ya baada yake, na wanaisimu tunayo sehemu yetu katika upungufu huo. Tumeandika mengi juu ya ngeli.

Basi tulifanyaje juu ya tayari? Tulilifukuza kwenye hojaji. Mahali pake tukaweka maswali matatu kwa vitenzi vya nyumbani, vifupi, ambavyo mtu hawezi kuvikwepa. La kwanza: Ukiitwa, utakuja? La pili: Ukija, unajua la kufanya? La tatu: Ukijua, unavyo vya kufanyia? Nilishauri kila swali lirudiwe kwa jambo moja moja, mara ajali ya basi, mara moto wa bweni, mara ugonjwa wa kutoka damu, kwa kuwa maafa ni jina la jumla na hakuna apatwaye na jina la jumla.

Tuliyasoma mbele ya wauguzi wachache waliokubali kutusaidia kabla ya utafiti wenyewe kuanza. Sitatoa hesabu, maana walikuwa wachache mno kuhesabiwa, na ile haikuwa kazi ya hesabu. Nitamtaja mmoja tu bila jina lake. Ni mama aliyebakiza miaka miwili kustaafu, katika kituo cha mlimani ambacho njia yake hukatika masika. Kwa karatasi ya zamani alikuwa amejipa 5 katika maswali yote mawili ya tayari, pasipo kuinua kalamu. Tulipomwuliza la kwanza la karatasi mpya akacheka. Nitakuja, akasema, nimekuja siku zote. Tulipomwuliza la pili, juu ya ugonjwa wa kutoka damu, alikaa kimya kwa muda mrefu hata yule mwanafunzi wangu akataka kumsaidia, nikamkonyeza asiseme. Kisha akaeleza kwamba semina aliyohudhuria ilikuwa ya siku moja, wakati wa Korona, na kwamba kuvaa lile vazi la kujikinga alikuona kwa picha ukutani. Kulivua hakukuona, na amesikia kuwa hatari iko katika kulivua. Na alisikia kweli. La tatu hakulijibu kwa mdomo. Aliinuka, akafungua kabati, akatuonyesha: maboksi mawili ya glavu, moja limefunguliwa, chupa ya dawa ya kutakasa, nusu, taa ya mkono isiyo na betri. Akalifunga kabati, akauliza kama tutakunywa chai.

Mama huyu ni nani katika kile kipimo cha mwanzo? Ni 5. Angeingia katika wastani wa mkoa kama mtu aliyejiandaa, na siku ya siku angeingia chumbani kwa mgonjwa kwa miguu yake mwenyewe.

Profesa anayemsimamia mwanafunzi alitupinga, na hoja yake ina uzito, sipendi kuipunja. Alisema kwamba hojaji ile imekwisha kupimwa katika nchi nyingi, na kwamba ukivunja swali moja kuwa matatu huwezi tena kulinganisha Moshi na mahali pengine, nawe umebaki na chombo chako peke yako ambacho hakuna akijuaye. Ni kweli. Kibaba cha sokoni hakina faida kama kila mtu ana chake. Lakini nilimjibu kwamba kulinganisha kulikwisha kuvunjika tangu tafsiri ya kwanza, ila mvunjiko huo haukuonekana. Moshi ingelinganisha ridhaa yake na mafunzo ya wengine, na pengine ingewashinda. Hatukukubaliana kabisa. Mwishowe iliamuliwa kwamba swali la kujiandaa liandikwe nimefunzwa na ninajua, la hiari liandikwe nakubali kuja, na yale maswali yetu matatu yawekwe katika karatasi ya nyongeza, mwishoni, ambayo haitaingia katika jumla ya alama. Mwanafunzi aliridhika. Mimi niliridhika nusu, na bado nadhani karatasi ya nyongeza ndiyo yenye utafiti.

Siku tuliyodhani tumemaliza, muuguzi kijana wa wodi ya watoto, mama wa mtoto mchanga, aliyasoma maswali yetu matatu polepole akasema kwamba tumesahau moja lililo mbele ya yote. Akaichukua kalamu ya mwanafunzi, akaliandika yeye mwenyewe chini ya lile la tatu: Ukija, nani atabaki na mwanao, na ukirudi utalala wapi? Alikumbuka mwaka 2020, alipokuwa akivua nguo zake zote uani na kuoga kwa ndoo gizani kabla ya kumgusa mtoto wake wa kwanza, na jirani zake wakihamisha watoto wao kutoka upande wake wa uzio. Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Swali lake limebaki kwa mwandiko wa mkono, na hivyo ndivyo lilivyotolewa nakala na kwenda Kibosho, Marangu na Rombo. Tulitumia asubuhi nzima kulitafutia mahali katika yale makundi 8 ya Geneva. Mwanafunzi alipendekeza la usalama, mimi la maadili, na mwenye swali akapendekeza tuache kubishana, kwa kuwa zamu yake ilikuwa inaanza.